Dawa moja, maradhi mengi ya ubongo

KEMIKALI iitwayo ISRIB, iliyotambuliwa mwaka wa 2013 na Profesa Peter Walter na wenzake nchini Marekani, imezua matumaini ya kukabili maradhi kadhaa ya ubongo kwa dawa moja.

Seli inapodhurika, hupunguza uundaji wa protini ili kujikinga. Hali hiyo ikidumu, kumbukumbu hudhoofika, kwani ubongo hauwezi kuhifadhi mambo kwa muda mrefu bila protini mpya.

Kizuizi hicho huonekana katika maradhi yenye vyanzo tofauti, yakiwemo Alzheimer na majeraha ya kichwa. ISRIB hukiondoa.

Mnamo 2017, panya waliojeruhiwa kichwani wiki nne awali walipewa dawa hiyo, nao wakaweza tena kukumbuka njia.

Hata hivyo, panya si binadamu. Mnamo 2025 ilitangazwa kuwa dawa mbili zinazofanya kazi vivyo hivyo, fosigotifator na DNL343, hazikupunguza kasi ya ALS, ugonjwa unaodhoofisha misuli, miongoni mwa wagonjwa.

Kwa anayemuuguza mzazi aliyesahau majina ya wanawe, subira ingali inahitajika.