Dawa ya Maumivu: Muulize Mfamasia Kabla ya Kuongeza Tembe

Maumivu ya mgongo yakidumu miezi mingi, tembe moja iliyokuwa ikituliza huanza kuonekana haitoshi. Mkazi wa Gikomba anayebeba marobota ya mitumba kutwa huongeza ya pili, kisha ya tatu, bila kumuuliza mtu. Hapo ndipo hatari huanza.

Tramadoli, kodeini na mofini ni dawa za jamii ya afyuni. Mwili huzizoea, lakini zikizidi hupunguza kasi ya kupumua, hata pumzi ikakatika. Pombe na dawa za usingizi huongeza hatari hiyo. Mtu mzima hapaswi kuzidisha miligramu 400 za tramadoli kwa siku. Wazee na wagonjwa wa figo huenda wakahitaji chini ya hapo.

Mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu anaweza kugundua tatizo mapema. Anapodai karatasi ya daktari, hamsumbui mteja, anamlinda. Mweleze dawa zote unazotumia, na kama unakunywa pombe. Dawa ikikosa kusaidia, rudi kwa daktari. Usiongeze kipimo wala kuiacha ghafla.

Mtu akikosa kuamka hata akitikiswa, akipumua polepole au midomo ikibadilika rangi, mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitalini pamoja na pakiti ya dawa aliyomeza. Ipo dawa ya kurudisha pumzi, naloksoni, lakini humfaa anayefikishwa mapema.