Nondo wa Msonobari na Somo la Muhasaba

Ndugu Waislamu, katika misitu ya misonobari ya Ulaya yupo nondo ambaye wataalamu humwita Bupalus piniaria. Kiwavi wake, kijani mwenye mistari myeupe, hufanana mno na majani membamba anayoyala, na hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama apimaye shibiri. Mwaka 1953 viwavi hao waliushambulia msitu wa Cannock Chase, Uingereza. Baadaye walinzi wa misitu walifanya desturi ya kufukua udongo wakati wa baridi na kuhesabu pupa zilizolala chini ya miti, waijue hatari kabla haijaota mbawa. Nasi wazazi tuzingatie: kijana haiachi swala kwa siku moja, huanza kwa kuichelewesha. Tufanye muhasaba mapema. Wallahu a'lam.