Mechi ya Saa 10 na Kioo Kinachotazama Dirisha

Mechi ya Ligi Kuu inapoanza saa 10 jioni, siku za Machi au Septemba, jua la Arusha huwa nyuzi 38 hivi juu ya upeo wa macho. Kipenga cha mwisho kinapolia, saa 12 kasoro dakika 10, limebakiwa na nyuzi 11. Jiji liko nyuzi 3 na kidogo tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la huku halitambai kando ya upeo kabla ya kuzama kama lile la Ulaya. Linashuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Chukua dirisha linalotazama magharibi, ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2 kutoka sakafuni. Mpira ukianza, mwanga unaopitia hapo unakomea mita 2 na nusu ndani ya chumba. Mpira ukiisha ungefika mita 10, na kwa kuwa sebule za urefu huo ni chache, unaupanda ukuta wa pili, ambako ndiko televisheni ilikotundikwa.

Jua lenyewe, hata hivyo, si tatizo kubwa. Unavuta pazia, yameisha. Kinachosumbua zaidi ni kitu chochote cheupe kilicho nje, kilichopigwa na jua, ambacho kioo cha televisheni kinakiona kupitia dirishani. Uso wa kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoujia kwa mbele, na kiasi hicho kinapanda kadiri mwanga unavyokuja kwa mshazari. Kanuni zake alizipata Mfaransa Augustin-Jean Fresnel mwanzoni mwa karne ya 19. Asilimia 4 ni kidogo, mtu atasema. Tupige hesabu.

Ukuta mweupe wa uzio, alasiri ya jua kali, hupokea mwanga wa laksi 70,000 hivi. Sebule yenye taa usiku hupata laksi 100 au 200. Rangi nyeupe ya uzio ikirudisha asilimia 70 ya mwanga huo wa jua, ung'avu wa ukuta unafikia niti 15,000. Niti ndicho kipimo wanachokitumia watengenezaji wa televisheni, na zile za bei ya chini nyingi huishia kati ya niti 200 na 300. Sasa asilimia 4 ya 15,000 ni 600. Dirisha likiwa wazi, taswira ya uzio wa jirani juu ya kioo chako inang'aa mara mbili kuliko uwanja, wachezaji na jezi zao kwa pamoja. Ndiyo maana kuongeza ung'avu kwa rimoti hakusaidii kitu: televisheni imeshafika mwisho wake, ukuta bado unadunda.

Hesabu hiyo inaeleza pia jambo linalowashangaza wenye sebule zinazotazama mashariki. Asubuhi jua limewapiga, wakajua jioni watapumzika. Lakini uzio ulio mkabala na dirisha la mashariki unalipa mgongo jua la asubuhi na uso jua la jioni. Saa 10 ndipo unapowaka.

Usiku balaa hilo linapungua, haliishi. Shati jeupe la mtu aliyekaa kwenye kochi chini ya taa linarudisha niti 2 kwenye kioo. Katika mechi hutaliona. Katika filamu yenye matukio ya gizani, ambako sehemu nyeusi hushuka chini ya niti 1, unajikuta umo kwenye filamu.

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme siku hizi muuzaji atakuvuta haraka kwenye televisheni za dabo glasi. Mbele ya paneli kumewekwa bamba la kioo kigumu, na sababu yake inaeleweka na kila mwenye watoto: mpira ukirushwa, au rimoti, kinachopigwa ni bamba, paneli inabaki salama. Paneli ikipasuka, gharama ya kuibadilisha mara nyingi inakaribia bei ya televisheni nyingine. Siwalaumu wanaoinunua. Ila bamba lina nyuso mbili, na palipo na nafasi ya hewa kati yake na paneli, kila uso unarudisha asilimia 4 yake. Jumla inakuwa karibu 8, na ule uzio wetu umepanda hadi niti 1,200. Zaidi ya hapo, paneli nyingi hutoka kiwandani zikiwa na ngozi yenye ukwaru mdogo sana wa kutawanya mwanga. Bamba linalong'aa likiwekwa mbele, ukwaru huo haukusaidii tena. Umelipia ulinzi, ukapewa na kioo cha kujitazamia.

Dawa ya kisayansi ni ya zamani. Mwaka 1935 Alexander Smakula, wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, alipata njia ya kupaka lenzi utando mwembamba wa kuzuia mwakisiko. Mwaka 1938 Katharine Blodgett wa General Electric, Marekani, alikipaka kioo matabaka 44 ya kemikali ya jamii ya sabuni, kila tabaka likiwa na unene wa molekuli moja, na mwakisiko ukatoweka karibu wote. Unene wa utando ndiyo siri yenyewe: robo ya urefu wa wimbi la mwanga, yaani nanomita 100 hivi. Sehemu ya mwanga inarudi kutoka juu ya utando, nyingine inarudi kutoka chini yake ikiwa imechelewa nusu wimbi. Kilele cha wimbi moja kinakutana na bonde la jingine, na yote mawili yanafutana. Vipimo huwekwa kwa ajili ya kijani, rangi ambayo macho yetu huiona vizuri zaidi, hivyo nyekundu na buluu hazifutiki zote. Ndiyo ile rangi ya zambarau unayoiona kwenye miwani iliyopakwa.

Njia ya pili ni ukwaru niliokwisha kuutaja. Hauufuti mwanga, unautawanya. Dirisha halionekani tena kama dirisha, linakuwa ukungu. Mwaka 2024 Samsung iliweka kioo cha namna hiyo kwenye televisheni yake ya bei kubwa, S95D, na wapenzi wa weusi kamili wakanung'unika kwamba chumba kikiwa na mwanga, mweusi unageuka kijivu. Wana haki yao. Kwa sebule ya Arusha yenye madirisha mapana ya alumini, mimi ningechukua kijivu.

Dukani haya yote hayaonekani. Nyuma yako hakuna dirisha lenye jua, na video za maonyesho zimejaa maua na samaki wa rangi kali. Omba televisheni izimwe. Washa tochi ya simu, imulike kwenye kioo cheusi. Nukta kali nyeupe ni kioo kitupu. Nukta mbili zinazofuatana, moja kando ya nyingine, ni bamba lenye nyuso mbili. Nukta iliyofifia yenye zambarau au kijani ina utando. Doa pana lisilo na ukingo ni ukwaru. Muuzaji akikataa kuizima, nenda duka la pili.

Nyumbani, ukuta bora ni ule ulio ubavuni mwa dirisha, si ule unaolikabili. Pale Usa River, ambako Mlima Meru uko kaskazini-magharibi, dirisha kubwa la kuutazamia mlima hupokea pia jua la jioni la Juni, siku mawingu yakiliruhusu. Wenye vibanda umiza vya kuonyeshea mpira walimaliza mjadala mapema: mabati, turubai, giza, tiketi.

Asiyeweza kuhamisha televisheni anaweza kuiinamisha. Kioo kikiinama nyuzi 10, taswira inasogea nyuzi 20, na badala ya dirisha mtazamaji anaona sakafu. Kama sakafu ni vigae vyeupe, tandika zulia. Na breketi ziko za aina mbili, zinazoinama na zisizoinama, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa.