Ruba Ni Mali kwa Ajuaye Saa Yake

Kila mvuvi ajua ya kwamba ndoana tupu haileti kitoweo. Avuaye kandokando ya mto huchimba nyungunyungu katika udongo wenye unyevu. Na wavuvi wa Ziwa Victoria watumiao kamba ndefu zenye ndoana nyingi kumtafuta mbuta, ambaye wengine humwita sangara, hutia chambo cha samaki wadogo kama fulu na watoto wa kambare. Lakini ni wachache katika Afrika ya Mashariki watakaosadiki ya kwamba ruba, yule mdudu achukiwaye na wachungaji kwa kuwang'ang'ania ng'ombe penye maji, aweza kuwa chambo cha thamani kiuzwacho dukani, na ya kwamba wako watu wanaoacha vitanda vyao usiku ili kwenda kumtega.

Watu hao wako Marekani, na hasa katika jimbo la Minnesota, upande wa kaskazini, mpakani mwa Kanada. Jimbo hilo lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, bila kuhesabu vidimbwi na vinamasi. Ziwa lake moja kubwa huitwa Leech, maana yake Ziwa la Ruba. Jina hilo si la mzaha. Waojibwe, ambao ni wenyeji wa asili wa sehemu zile, huliita kwa lugha yao jina lenye maana ya mahali penye ruba wengi. Hata hivyo, biashara ya ruba wa chambo ilienea sana tangu miaka ya 1970 tu, na siku hizi mvuvi apitaye katika duka la chambo huwanunua kwa dazeni, kama anunuavyo mayai.

Si kila ruba hunyonya damu

Ruba anayetafutwa si yule anyonyaye damu ya watu. Wataalamu humwita Nephelopsis obscura. Rangi yake ni ya kahawia au nyeusi yenye madoadoa, na akijinyoosha huwa na urefu wa inchi 3 au 4 hivi, na wengine hupita hapo. Hana meno. Chakula chake ni wadudu wadogo wa majini, minyoo, konokono wadogo na mizoga ya samaki. Mtu akimshika mkononi, hujikunja akawa mgumu kama kifundo cha kamba. Hiyo ndiyo alama ya kumtambua, kwa maana katika maji yale yale huishi ruba wa aina nyingine, wakubwa na walegevu, ambao samaki hawawapendi. Mgeni wa kazi hii aweza kurudi nyumbani na ndoo nzito, akaambiwa na mwenye duka ya kwamba ndoo nzima haina faida.

Samaki anayevuliwa kwa chambo hicho hasa ni yule aitwaye walleye, mwenye macho makubwa yanayong'aa gizani kama ya paka. Nyama yake husifiwa sana, hata mwaka 1965 alifanywa samaki wa heshima wa jimbo la Minnesota. Yeye huwinda zaidi magharibi na usiku. Mvuvi humchoma ruba kwa ndoana kwenye kile kikombe kikubwa cha mkiani anachojishikiza nacho, kisha humshusha majini. Ruba hujitahidi kuogelea aende zake, mwili wake ukipanda na kushuka kama utepe upeperushwao na upepo, na mwendo huo ndio umvutao samaki. Tena ngozi yake ni ngumu. Nyungunyungu hukatika upesi, lakini ruba hudumu katika ndoana.

Mahali pa kumtafuta

Mtu angeweza kudhani ya kwamba penye samaki wengi ndipo penye ruba wengi. Sivyo. Samaki humla ruba. Basi ruba hustawi pale ambapo samaki hawawezi kuishi. Katika nchi ile ya baridi kali, maji ya juu huganda yakawa barafu nene kwa miezi mingi. Kidimbwi kisicho na kina kikifunikwa hivyo, hewa iliyomo majini hupungua mpaka samaki wakafa. Ruba aweza kuvumilia upungufu huo. Barafu iyeyukapo, adui zake wamekwisha kufa na mizoga iko tele. Kwake yeye ni karamu.

Kwa hiyo mtegaji hayatafuti maziwa makubwa yenye sifa. Yeye huenda kwenye vidimbwi vya mashambani na vinamasi vyenye matete. Hufika mchana, akainua mawe, mbao zilizooza na majani mapana, kwa sababu mchana ruba hujificha chini yake. Akiwaona, humwendea mwenye shamba kuomba ruhusa.

Saa ya mtego

Mtego wenyewe ni kitu rahisi. Wengi hutumia bati jembamba la aluminiamu, hulikunja mara mbili kama bahasha, na katikati hutia kichwa cha samaki, au kipande cha ini au figo. Kingo hubanwa, zikaachwa nyufa ndogo ambazo ruba aweza kupenya lakini mnyama mkubwa hawezi. Wengine hutoboa matundu katika kopo la kahawa, na wengine hutia chambo katika gunia. Kila mtego hufungwa uzi, na mwisho wa uzi hufungwa kitu kieleacho au kijiti kilichosimikwa, ili mwenyewe apate kuuona. Mtu mmoja aweza kutega mitego kumi, na mwenye kazi kubwa mamia.

Ugumu wa kazi hii hauko katika kuutengeneza mtego. Uko katika saa. Ruba hutembea usiku akifuata harufu. Mitego huwekwa jioni, karibu na ukingo ambako maji ni machache. Usiku ruba huingia, hula, hushiba. Kukianza kupambazuka, huondoka mmoja mmoja kurudi mafichoni mwao. Mtegaji aliyelala mpaka jua likachomoza atakuta chambo kimeliwa na walaji wamekwenda zao, bila kulipa. Kwa hiyo hapana budi awe majini kungali na giza, ijapokuwa maji ni ya baridi na mbu ni wengi, akiinua mitego upesi na kuikung'utia ndooni. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Lakini kwa mtega ruba hata asubuhi huwa amekwisha kuchelewa.

Msimu ni mfupi

Kama vile usiku ulivyo na saa yake, ndivyo na mwaka ulivyo. Maji yakiwa baridi mno ruba hatembei. Mitego huanza kufanya kazi vizuri maji yafikapo joto la nyuzi 10 za Sentigredi hivi, baada ya barafu kuyeyuka katika mwezi wa Aprili au Mei. Msimu wa kuvua walleye nao hufunguliwa katikati ya Mei, na hapo maduka yote hutaka chambo kwa wakati mmoja.

Kisha huja wakati wa kuzaa. Ruba mkubwa hutaga mayai ndani ya vifuko vidogo vya rangi ya kahawia, huvibandika juu ya mawe na majani ya majini, na baada ya kumaliza kazi hiyo hufa. Watoto watokao ni wadogo mno, hawafai kwa ndoana. Kwa hiyo majira ya joto yakifika katikati, mitego iliyojaa mwezi mmoja tu nyuma huinuliwa ikiwa karibu tupu. Mtegaji ana majuma machache tu ya kuchuma riziki ya mwaka mzima.

Lakini wavuvi huhitaji chambo mpaka mwisho wa majira ya joto. Basi ruba huhifadhiwa katika maji safi, baridi kama nyuzi 4 hivi, yasiyo na dawa ya kusafishia maji ya bomba. Katika baridi hiyo aweza kukaa muda mrefu bila chakula. Huchaguliwa kwa ukubwa, wakubwa mbali na wadogo mbali, wakauzwa kwa ratili kwa wenye maduka. Kila siku maji hutazamwa na waliokufa huondolewa, kwa sababu mmoja aozaye huwaharibu wenzake. Mashine ya baridi ikisimama usiku mmoja wa joto, kazi ya msimu mzima yaweza kumwagwa asubuhi kama maji machafu.

Hata ruba humalizika

Wako wadhanio ya kwamba kiumbe mdogo na mwingi kama huyu hawezi kupungua. Mambo yaliyotukia Ulaya yaonyesha vingine. Katika karne ya 19, madaktari wa huko waliwatumia ruba wa aina nyingine, wale wanyonyao damu, kutibu karibu kila ugonjwa. Daktari mmoja mashuhuri wa Paris, François Broussais, aliyefariki mwaka 1838, alieneza sana desturi hiyo. Maskini waliingia vidimbwini miguu mitupu ili ruba wawashike, wakawabandua na kuwauza. Vidimbwi vya Ufaransa havikutosha. Katika mwaka 1833 peke yake nchi hiyo iliagiza kutoka nje ruba zaidi ya milioni 41. Matokeo yake ni kwamba ruba huyo alitoweka katika sehemu nyingi alikokuwa tele zamani.

Mtegaji wa Minnesota apaswa kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu ruba wake huzaa kisha hufa. Akiwatoa wakubwa wote kabla hawajabandika vifuko vyao, hakuvuna mwaka huu tu. Amevuna na mwaka ujao. Wenye busara hupumzisha kidimbwi kimoja na kutega kingine.

Iko hatari nyingine, nayo ni maji yenyewe. Mwaka 1989, katika bandari ya Duluth, walionekana kwa mara ya kwanza katika jimbo hilo kombe wadogo wenye mistari kama ya punda milia, ambao asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Kombe hao hushikamana kwa maelfu juu ya mabomba, mashua na mawe, na hula vile viumbe vidogo ambavyo ni chakula cha watoto wa samaki. Wangali wachanga hawaonekani kwa macho. Ndoo moja ya maji yaweza kuwachukua kutoka ziwa hata ziwa. Kwa hiyo mvuvi aondokapo ziwani huamriwa na sheria kuyamwaga maji ya chambo na kutia mengine safi, na chambo kilichobaki hutupwa takatakani, si ziwani. Afanyaye biashara ya ruba hutakiwa kuwa na leseni. Ila kijana mwenyeji asiyetimiza miaka 18 huruhusiwa kuwatega na kuwauza bila leseni, na wako wengi waliopata fedha zao za kwanza kwa njia hiyo.

Basi mtega ruba ana saa tatu za kuzijua. Ya kwanza ni ya jioni, ya kuweka mitego. Ya pili ni ya alfajiri, ya kuiinua. Ya tatu ni saa ya kuacha, nayo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu gizani kule kinamasini hakuna amtazamaye. Aondoaye mitego yake wakati ruba wangali wakiingia huonekana mjinga machoni pa jirani yake. Lakini mwaka ufuatao, barafu iyeyukapo na wavuvi wakaanza kuuliza chambo madukani, ndipo itakapojulikana ni kidimbwi cha nani kilicho na kitu ndani yake. Akiba haiozi.