Kijana anataka kurekodi video za theluji, mdhamini ni mama

SIMU ya dada yangu iliita saa nane usiku. Huko anakoishi, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ilikuwa saa kumi na moja jioni na ndiyo kwanza ametoka kazini. Mtu akikupigia saa hizo moyo unashtuka, lakini hapakuwa na msiba. Alikuwa na fomu ya mkopo mezani.

"Kaka, mpwa wako anataka nimdhamini anunue pikipiki ya theluji. Dola 17,000. Hebu zungumza naye kabla sijasaini."

Dola 17,000 ni zaidi ya shilingi milioni 40 za Tanzania. Usingizi ukaisha. Nikamwambia ampe kijana simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya, nieleze."

Alinieleza vizuri tu. Ana miaka 19, anafanya kazi ghalani na anasoma jioni. Anataka kwenda milimani Montana, aruke na pikipiki hiyo kwenye theluji nzito, ajirekodi na kuweka video mtandaoni. Watazamaji wakishakuwa wengi, kampuni zitamtafuta. "Wadhamini watakuja, mjomba."

"Na kabla hawajaja, mdhamini wako nani?"

Alinyamaza kidogo. "Mama."

Mashine iliyotokana na msiba

Kwa ambaye hajaiona, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina vyuma viwili kama mbao za kutelezea, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kuisukuma. Usukani na kiti ni kama vya pikipiki.

Haikuanza kama mchezo. Fundi mmoja wa Valcourt, Quebec nchini Canada, Joseph-Armand Bombardier, alikuwa na mtoto wa miaka miwili aliyeitwa Yvon. Majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto aliugua kidole tumbo. Barabara zilikuwa zimezibwa na theluji, hospitali haikufikika, mtoto akafa. Bombardier alikuwa ameanza majaribio ya vyombo vya theluji tangu ujana wake, na mwaka 1937 akapata hataza ya gari lake la kubeba watu saba. Magari ya namna hiyo yalibeba wagonjwa, wanafunzi na barua. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo kidogo chepesi, Ski-Doo, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kuendesha kwa kujifurahisha.

Minnesota nako ni nyumbani kwa mashine hizi. Polaris ilianzia mji mdogo wa Roseau, na Arctic Cat ikaanzia Thief River Falls. Jimbo lina zaidi ya kilomita 30,000 za njia za pikipiki za theluji, nyingi zikitunzwa na vilabu vya watu wa kujitolea. Kijana aliyekulia huko kuzitamani si ajabu, kama wa kwetu anavyotamani bodaboda.

Tukafungua daftari

Nilimwambia tuhesabu pamoja, yeye ataje mimi niandike.

Mkopo wa dola 17,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka mitano ni karibu dola 378 kila mwezi. Mwisho wa miaka mitano utakuwa umelipa karibu dola 22,700. Theluji inakaa miezi minne hivi, benki inadai miezi 12.

Tela la kuivutia, lililotumika, dola 2,000. Helmeti, miwani, suti ya baridi, viatu na glavu, dola 1,500. Vifaa vya kujiokoa kwenye maporomoko ya theluji, yaani kifaa cha kutoa na kupokea ishara, fimbo ndefu ya kumtafuta aliyefukiwa, koleo, na begi lenye puto linalojaa hewa ukivuta kamba, dola nyingine 1,500.

Kutoka kwao hadi milima ya Montana ni zaidi ya kilomita 1,500. Mafuta ya gari, chumba cha kulala na chakula vinahitaji fedha. Mashine yenyewe inaweza kunywa lita 40 za petroli kwa siku moja ya milimani, pamoja na oili yake. Tukaweka dola 1,000 kwa safari, safari tatu.

Kamera ya kufunga kwenye helmeti, droni, betri za akiba kwa kuwa baridi humaliza chaji upesi, na kompyuta ya kuhariri, dola 2,500.

Jumla ya mwaka wa kwanza ilipita dola 15,000, na hapo bado bima na matengenezo. Mkanda ukikatika au injini ikiungua, anayelipa ni mwenyewe.

Nikamkumbusha majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, ambayo Minnesota haikuwahi kupata yenye joto kiasi kile tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Theluji ilikuwa haba. Mashine zilikaa gereji, marejesho yakaendelea.

Anayerekodi naye anahitaji usafiri

Hapo kijana mwenyewe akasema jambo ambalo nisingelijua. Ukifunga kamera kichwani, unaonyesha usukani na theluji inayorukia kioo. Ile picha inayowavutia watu, ya mtu akiruka kutoka juu ya jabali, inapigwa na mtu mwingine aliyesimama upande wa pili. Huyo naye lazima afike mlimani, kwa hiyo anahitaji mashine yake, mafuta yake na vifaa vyake vya kujiokoa. Timu kubwa hukodi hata helikopta, ambayo saa moja huweza kuzidi dola 1,000.

Zamani filamu hizi ziliuzwa kwa DVD, na mtazamaji alilipa. Leo wengi wanatazama bure. YouTube nayo haigawi mapato ya matangazo kwa kila mtu. Ili upate sehemu yako lazima uwe na wafuatiliaji 1,000, na ndani ya mwaka video zako ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000, au zile fupi ziwe zimetazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifika hapo ndipo unaanza kuingiza, na mwanzoni ni fedha kidogo.

Na udhamini wenyewe? Wengi wanaojiita wamedhaminiwa wamepewa punguzo la bei, au helmeti na jaketi za bure ili wazitangaze. Mashine wamenunua wenyewe. Wanaolipwa mshahara ni wachache, na wengi wao walijigharamia kwa miaka kabla ya kuonekana.

Deni linapopanda mlimani

Fedha hupotea na ikapatikana tena. Kilichonitia hofu zaidi ni kingine.

Maporomoko mengi ya theluji hutokea kwenye miteremko yenye mwinuko wa nyuzi 30 na zaidi, ile ile inayopendeza kwenye video. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 10 hadi 15 za kwanza. Baada ya hapo matumaini hushuka haraka. Wa kumfukua ni wenzake alio nao, kwa kuwa kikosi cha uokoaji mara nyingi hakiwezi kufika kwa wakati. Hata kamera na simu zikikaa karibu mno na kile kifaa cha ishara zinaweza kukivuruga.

Sasa mfikirie kijana aliyeendesha usiku kucha, anayedaiwa dola 378 mwisho wa mwezi, ana siku mbili tu za kurekodi. Taarifa ya asubuhi inasema hatari ni kubwa. Mwenye fedha zake atarudi chumbani anywe chai. Mwenye deni atajiambia kwamba akirudi bila video amepoteza dola 1,000. Atapanda.

Nilimuuliza mpwa wangu angefanya nini. Hakunijibu, na sikumlazimisha.

Kabla ya kusaini

Mzazi unayesoma huku ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, theluji huna, lakini ombi hili unalijua. Linakuja kama kamera, taa za kurekodia, pikipiki, au kompyuta ya kuhariri. Kiswahili chetu kinamwita mdhamini yule anayetoa fedha ili jina lake litangazwe, na pia yule anayesaini ili mkopaji akishindwa alipe yeye. Kampuni ni ya kwanza, mzazi ni wa pili. Kabla hujasaini, kaa na mwanao muulizane:

Gharama yote ya mwaka ni kiasi gani, si bei ya kifaa peke yake?

Akishindwa kulipa miezi mitatu, nyumba itakosa nini?

Kifaa kitazalisha miezi mingapi kwa mwaka, na deni litadai mingapi?

Siku ya hatari, anaweza kurudi nyumbani bila video na asione ameharibikiwa?

Anaweza kuanza na alichonacho?

Swali la mwisho ndilo lililotusaidia. Dada hakusaini. Kijana alinuna wiki nzima, na dada naye hakulala vizuri, maana kumkatalia mtoto kunauma. Baadaye wakakubaliana. Wakanunua mashine ya zamani kwa fedha taslimu, dola 3,500, nusu akiba ya kijana, nusu ya mama. Alimaliza mafunzo ya usalama ambayo jimbo linayataka kwa kila aliyezaliwa baada ya 1976, na anaendesha kwenye njia za vilabu karibu na nyumbani. Montana itasubiri mpaka asome kozi ya maporomoko ya theluji na apate wenzake wenye vifaa.

Mwezi uliopita alinitumia video yake ya kwanza, aliyoirekodi kwa simu. Mashine imezama kwenye theluji, na yeye na jirani wanaichimbua kwa koleo, wanasukuma, wanaanguka, wanacheka. Nyuma ya simu inasikika sauti ya dada yangu ikimwambia afunge zipu ya jaketi.

Waliotazama hawajafika 300. Mara tano kati ya hizo ni mimi.