Leso ina pindo, mji na jina, ukurasa je?

UKIINGIA katika duka la uchapaji kisiwani Mombasa, iwe ni vile vichumba vya barabara ya Digo au vile vilivyojibanza karibu na Makadara, utasikia lugha ambayo si Kiswahili wala si Kiingereza. "Hii heda iboldi, hapo chini punguza fonti, halafu hiyo magini isogee kidogo." Anayesema hivyo pengine ni mzawa wa Mji wa Kale, aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mamake. Muulize mbona asiseme kwa lugha yake, naye atakujibu kwa moyo safi kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo.

Dai hilo nimelisikia pia kwa walimu na kwa wahariri, ndiyo maana nataka tulipime leo. Kwa maoni yangu halina msingi. Maneno mengi tunayo. Baadhi yamo katika kamusi na hayasomwi, na mengine yamekunjwa sandukuni mwa mama zetu.

Siku moja nilikuwa nasubiri zamu yangu katika duka la aina hiyo, nikamsikia bi mkubwa mmoja akikagua kadi ya arusi kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, jina la bwana arusi limeingia kwenye pindo. Lirudishe mjini."

"Samahani mama, mjini wapi?"

"Mjini, hapa kati! Wewe huvai leso, lakini mamako avaa."

"Ah, nimefahamu bi mkubwa. Wamaanisha magini."

"Wewe waita majini. Mimi majini nawajua wengine."

Watu tulicheka, lakini bi mkubwa alikuwa amesema jambo kubwa la kiisimu. Leso, au kanga kama waitavyo ndugu zetu wa Unguja na bara, ni ukurasa uliosanifiwa. Ina pindo, yaani ule mpaka wa nakshi uzungukao pande zote nne. Ina mji, yaani uwanja wa kati wenye picha au maua. Ndani ya mji, upande wa chini, mna jina, yaani yale maneno yanayoisemea leso. Kila sehemu ina mahali pake na kazi yake, na mnunuzi anajua kwa kutupa jicho tu kama jina limekaa sawa au limepinda. Katika Biashara Street lipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake hutambulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla". Wanawake wa Mombasa wamekuwa wakihukumu mpangilio wa maandishi na picha kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu majina ya leso yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi yalipohamia herufi za Kirumi. Kusema kwamba watu hao hawana msamiati wa usanifu ni kuwaonea.

Hata hivyo pindo na pambizo si kitu kimoja, na hapa inafaa tuwe waangalifu. Pambizo ni nafasi tupu iachwayo kandokando ya maandishi, ili jicho lipumzike na kidole kipate pa kushika. Pindo limepambwa. Ukurasa unaweza kuwa na pambizo bila pindo, kama ukurasa huu wa gazeti, au ukawa navyo vyote viwili, kama kadi ile ya arusi. La kuchekesha ni kwamba pambizo tunalitumia kila siku kwa maana ya sitiari. Mwanasiasa wa Pwani akilalamika, husema watu wake wamesukumwa pambizoni. Maana ya sitiari imestawi huku maana ya asili ikikimbilia Kiingereza. Na ule uwanja wa kati unaobeba matini, wataalamu huuita eneo la matini. Mimi ningeuita mji, kwa sababu neno ni fupi na lina wenyewe.

Leso inatusaidia pia katika jambo linalowatatiza wanagenzi wa usanifu. Ukitaka rangi ifike hadi ukingoni kabisa mwa karatasi, sharti uivushe nje ya mstari wa kukatia, kiasi cha milimita 3 hivi, kwa kuwa kisu cha mashine hakitui mahali pale pale kila mara. Usipofanya hivyo utaona uzi mweupe kandoni mwa kazi yako. Waingereza huita ziada hiyo kutokwa damu, nami nimesoma tafsiri inayofuata neno kwa neno, utadhani karatasi imechomwa kisu. Lakini leso hununuliwa doti, vipande viwili vikiwa vimeshikana, kisha hukatwa na kukungwa upindo. Kila mshonaji anajua kuwa upindo utakula kitambaa kidogo na kwamba kitambaa hicho lazima kiwepo. Basi tuseme ziada ya upindo, na mafunzo yote yamekwisha.

Sasa nije kwenye neno ambalo utata wake umewagharimu watu pesa. Chapa ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi, na limezaa ukoo mkubwa: kuchapa, kupiga chapa, kuchapisha, mchapaji, mchapishaji. Mitaani maneno haya yote hutumika ovyo. Karani huchapa barua, mwanafunzi "huchapisha" kazi yake ya nyumbani kwenye saiba, na mwandishi "huchapisha" riwaya. Hata kwenye simu na tarakilishi zenye menyu ya Kiswahili, utakuta neno chapisha likimaanisha kutoa karatasi kwenye printa na papo hapo likimaanisha kutangaza ujumbe kwa ulimwengu.

Namjua mzee mmoja, mtunzi wa mashairi, aliyeweka akiba yake ya miaka akaipeleka kwa kampuni moja iliyomwahidi "kumchapishia" diwani yake. Alipewa maboksi ya vitabu. Alipouliza ni lini vitafika madukani na mrabaha wake ni kiasi gani, akaambiwa kazi imekwisha, kwani alitaka vitabu na vitabu ndivyo hivyo. Hakuna aliyehariri, hakuna aliyesoma prufu isipokuwa yeye mwenyewe kwa miwani yake iliyovunjika mkono, wala hakuna aliyebeba jukumu la kuuza. Maboksi yako chini ya kitanda mpaka leo. Ile kampuni haikuvunja ahadi kwa namna ambayo wakili angeweza kuishika, maana neno lenyewe liliwaruhusu.

Na sarufi ya Kiswahili ilikuwa tayari imelitatua jambo hili. Kuchapisha ni kauli ya kutendesha, maana yake ni kusababisha jambo lichapwe. Mchapishaji basi ndiye anayesababisha: huchagua mswada, huuhariri, hugharimia, huuza, na humlipa mtunzi mrabaha. Mpiga chapa ndiye anayetekeleza: huletewa kazi iliyokamilika, huitia wino kwenye karatasi, hulipwa ujira wake, basi. Ukimlipa mtu ili akutolee nakala, huyo ni mpiga chapa hata akijiita vingine. Katikati yao kuna mtu wa tatu, msanifu kurasa, ambaye tangu mwaka 1985, programu ya PageMaker na printa ya leza ya Apple zilipoingia sokoni, anaweza kufanya juu ya meza moja kazi iliyokuwa ikihitaji chumba kizima cha mafundi. Kazi hiyo wengine huiita uchapishaji mezani. Sikubaliani nao. Meza kwetu huandaliwa chakula, na tena huyu si mchapishaji. Usanifu wa kurasa unatosha.

Nilisema baadhi ya maneno yamo katika kamusi. Chukua hati. Asili yake ni Kiarabu, mstari au mwandiko, na kwetu humaanisha mwandiko wa mtu na vilevile waraka wenye nguvu za kisheria. Tunasema fulani ana hati nzuri. Kwa hiyo umbo la jumla la herufi, lile ambalo msanifu hulichagua kabla ya yote, ni hati. Fonti nayo iachiwe kazi yake. Zama za herufi za risasi, fonti ilikuwa seti moja ya herufi za umbo moja na ukubwa mmoja, na siku hizi ni faili unayoiweka kwenye kompyuta. Ukubwa hupimwa kwa pointi, nazo pointi 72 hufanya inchi moja. Anayesema "ongeza fonti" anataka kusema "ongeza pointi", na ndiyo sababu kijana humletea hati nyingine badala ya herufi kubwa zaidi.

Juu ya herufi nene hatujapatana. Mitihani yetu ya Kenya ina maneno yaliyoandikwa kwa hati nzito. Tasnifu za Tanzania zina maneno yaliyokozwa au yaliyokolezwa wino. Mlazo umepata bahati zaidi, kwani hati ya mlazo inaeleweka Mombasa na Dar es Salaam, ingawa italiki bado inaisonga. Binafsi napenda koza, kwa kuwa ni kitenzi. Nikimwambia kijana "likoze neno hili", hana haja ya kusema iboldi.

Kuna sehemu nyingine za ukurasa ambazo hazijapewa jina lolote, na hapo ndipo tuna ruhusa ya kubuni. Ile nafasi nyembamba kati ya safu mbili za gazeti, Waingereza wameifananisha na mfereji. Mtu wa Mji wa Kale akiitazama ataona kichochoro, njia nyembamba kati ya kuta mbili ndefu, nayo ikizidi wembamba watu wanagongana mabega. Kichochoro cha safu, basi. Kuna pia ule mstari mmoja wa mwisho wa aya unaotupwa peke yake juu ya ukurasa unaofuata, au ule wa kwanza unaoachwa peke yake chini. Kwa Kiingereza mmoja ni mjane na mwingine ni yatima, na hata wapiga chapa wa huko huwachanganya. Sisi tuna mkiwa, mtu asiye na jamaa. Mstari mkiwa unawatosha wote wawili. Neno hilo limebaki zaidi kwenye ushairi tu. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, ndipo Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo maneno mengi yaliyo hai vinywani mwa Wamvita yamewekwa kabatini kama vyombo vya wageni.

Na isidhaniwe kuwa usanifu wa maandishi ulifika kisiwani pamoja na kompyuta. Mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alianza kutoa gazeti la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu akaliita Sahifa, yaani Ukurasa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Kwenye maandishi ya aina hiyo mambo hugeuka: mstari huanzia kulia na jalada hufunguka upande mwingine. Msanifu wa leo anayetaka kuchapa utenzi wa kale kwa hati hiyo, hana budi kwanza kuielekeza programu yake isome kutoka kulia, kisha ahakikishe fonti yake ina herufi za sauti za p na ch, ambazo Kiarabu chenyewe hakina na si kila fonti inazo. Asipokagua, atapata visanduku vitupu mahali pa pwani na pa chombo.

Rangi sitazikawiza. Mashine huchapa kwa wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, ilhali kioo cha kompyuta huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu. Ndiyo maana ile samawati iliyong'aa kwenye kioo hutoka karatasini imepauka, na mteja hugomba bure.

Limebaki neno moja linalonishinda. Hati nyingi za vitabu zina vijistari vidogo kwenye ncha za herufi, na nyingine hazina. Nimejaribu vikia, nimejaribu vikono, hayakunikalia vizuri mdomoni. Nilipomuuliza kijana yule wa kadi za arusi yeye angeziitaje, alizitazama kidogo akasema: "Hizi zimevaa viatu, mwalimu. Zile ziko pekupeku."