Baruti ya Kuvunja Mwamba: Vibali, Gharama na Safari Yake Barabarani

Fundi wa kisima anapofika kwenye mwamba, kazi husimama. Mwenye boma ameshalipa nusu ya pesa, maji hayajaonekana, na mara nyingi hapo ndipo mtu hujitokeza na njia ya mkato: ana jamaa anayefanya kazi timboni, na anaweza kuleta vipande vichache vya baruti kwenye mkoba, kwa matatu, jioni hiyo hiyo. Bei yake ni nafuu kuliko ya mlipuaji mwenye cheti. Inafaa mkazi ajue kwa nini bei hizo mbili zinatofautiana, na kwa nini ile ya chini ndiyo inayoweza kumgharimu zaidi.

Sheria inasemaje?

Baruti nchini Kenya inasimamiwa na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Chini ya sheria hiyo, kila hatua ina ruhusa yake. Anayeuza lazima awe na leseni. Anayenunua lazima awe na kibali cha kununua. Anayesafirisha lazima awe na kibali cha kusafirisha. Ghala la kuhifadhia lina leseni yake, na anayelipua mwamba lazima awe na idhini ya kufanya kazi hiyo. Kibali kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mtu aliyeruhusiwa kununua hajaruhusiwa kwa sababu hiyo kubeba, na aliyeruhusiwa kulipua hajaruhusiwa kuweka mabaki chini ya kitanda.

Vibali hivi hutolewa na serikali ya kitaifa kupitia idara ya madini, wala si na serikali ya kaunti. Jambo hili huwachanganya watu wengi. Stakabadhi ya ushuru wa mawe au kokoto, na hata leseni ya biashara ya kaunti, haimruhusu mtu kushika baruti. Timbo lenyewe pia linahitaji leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA. Kelele na mitetemo ya milipuko nayo ina kanuni zake, zilizotolewa mwaka wa 2009.

Kwa hiyo, mwenye boma anayepokea baruti isiyo na vibali hawezi kujitetea kwamba ni ya fundi. Kukutwa nayo bila ruhusa ni kosa, na adhabu ni faini au kifungo.

Kwa nini safari ni ghali?

Katika utaratibu wa Umoja wa Mataifa, mizigo hatari imegawanywa katika madaraja 9. Vilipuzi ndivyo daraja la 1, nalo limegawanywa tena kulingana na namna kitu kinavyolipuka. Kuna vinavyoweza kulipuka vyote kwa mara moja, kuna ambavyo hatari yake kubwa ni moto, na kuna ambavyo madhara yake hayaendi mbali na kasha. Daraja, zaidi ya uzito, ndilo linaloamua gari lipi litumike, alama ipi ibandikwe na mizigo gani isikae pamoja.

Mfano ulio wazi ni fataki, yaani kile kifaa kidogo cha kuanzishia mlipuko. Baruti nyingi za timboni hazilipuki kwa urahisi bila fataki. Lakini fataki yenyewe huweza kulipuka kwa joto, kwa kugongwa au kwa umeme kidogo tu. Kwa sababu hiyo viwili hivi havichanganywi kwenye kasha moja, wala haviwekwi pamoja ghalani. Mkoba uliobeba vyote viwili ndani ya matatu yenye abiria 14 umekusanya mahali pamoja kila kitu ambacho kanuni zinataka kitenganishwe.

Mlipuaji halali anapotaja bei yake, ndani yake kuna ada za vibali, gari lililotengwa kwa kazi hiyo, dereva anayejua mzigo wake, ulinzi wa njiani, bima, ghala, na kurudisha kilichobaki. Sehemu kubwa ya gharama hizi haibadiliki, uwe mzigo ni mdogo au mkubwa. Kwa mfano wa hesabu tu, si bei rasmi, safari ikigharimu shilingi 40,000 kwa kisima kimoja, mwenye kisima hicho ataibeba yote. Majirani wanne wakipanga visima vyao vilipuliwe siku moja, kila mmoja atalipia shilingi 10,000 za safari hiyo. Njia halali ya kupunguza gharama ni kuungana.

Njia nyingine ni kutotumia baruti kabisa. Mwamba wenye nyufa huvunjwa kwa tindo, kabari na nyundo, au kwa mashine ya upepo ya kukodi. Kuna pia unga maalumu wa chokaa unaochanganywa na maji na kumiminwa kwenye mashimo yaliyotobolewa. Unga huo hufura polepole, na mara nyingi kufikia siku ya pili jiwe huwa limepasuka bila mlipuko.

Vifurushi kutoka ng'ambo

Kanuni kama hizo zinahusu vifaa vya risasi. Nchini Marekani wako wapiga shabaha wanaojijazia risasi wenyewe, nao huagiza unga wa baruti na fataki zake. Posta ya huko haipokei vitu hivyo. Kampuni za vifurushi zinazokubali huvipitisha kwa barabara tu, na juu ya nauli hutoza ada ya mzigo hatari kwa kila kasha. Wanunuzi wa huko nao huungana kuagiza pamoja.

Mkazi mwenye jamaa Marekani asimwombe amtumie vitu hivyo. Vilipuzi haviruhusiwi kwenye posta ya kimataifa, na msafiri haruhusiwi kuweka unga wa baruti au fataki kwenye mizigo yake ya ndege. Silaha na risasi ziko kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti katika sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapa nchini, kumiliki risasi kunahitaji cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kuandika "vipuri" kwenye kasha hakubadilishi kilichomo. Huongeza tu kosa la kudanganya forodha.

Mambo ya kuzingatia

• Kabla ya kulipa, mkazi aombe kuona cheti cha mlipuaji na kibali cha kusafirisha. Majina na tarehe zilingane.

• Baruti isilale nyumbani, dukani wala shuleni, hata kwa usiku mmoja. Iletwe siku ya kazi, na kilichobaki kirudishwe na aliyekileta.

• Chifu na majirani waarifiwe saa ya mlipuko mapema, ili watoto na mifugo waondolewe.

• Baruti ambayo haikulipuka ishughulikiwe na mlipuaji mwenyewe. Fundi asishuke kisimani kabla ya kuruhusiwa.

• Anayeona fataki, utambi au kipande cha baruti kilichotupwa asikiguse wala kukisogeza. Azuie wengine wasikaribie, asogee mbali kabla ya kutumia simu, kisha apige 999 au 112.

Jambo hilo la mwisho wazazi walirudie kwa watoto wao, hasa wanaoishi karibu na timbo. Fataki ni kijibomba kidogo kama kalamu, na ina nyaya za rangi zinazovutia. Mtoto anaweza kuiokota akidhani ni kitu cha kuchezea.